Kutoka Paukwa hadi Chombezo: Historia ya Angalizo katika Hadithi Zetu

Neno chombezo limebadilishiwa kazi mbele ya macho yetu, na hakuna mwanalugha aliyeitwa kushuhudia. Kitenzi chombeza tulikirithi kwa maana ya kubembeleza, kumtuliza mwenye huzuni, kumliwaza mtoto aliyekataa usingizi. Leo hadithi inayosambazwa kwa simu, sehemu kwa sehemu, ikiwa na neno CHOMBEZO kwa herufi kubwa juu ya jina la mtunzi na tarakimu 18 iliyofuatwa na alama ya kujumlisha, haimtulizi mtu. Msomaji anajua kabla ya aya ya kwanza kwamba mbele yake kuna nyumba za wageni, milango iliyorudishwa bila komeo, na maelezo yasiyosomwa kwa sauti mbele ya wakwe. Neno moja limefanya kazi tatu: limetaja aina ya utungo, limemwonya asiyetaka, na limemwita anayetaka.

Kazi hiyo ya tatu ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Naandika nikiwa Kahama, mwendo mfupi kutoka Buzwagi, mahali ambapo mashaka juu ya maandishi ya nje na kilichomo ndani hayakuanza na hadithi. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia kwa sababu ya makontena 277 yaliyozuiliwa bandarini Dar es Salaam, yenye mchanga wa madini uliotoka Buzwagi na Bulyanhulu. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ilitoa ripoti yake mwezi Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata mwezi Juni, na ubishi wote, ukiondoa hesabu na sheria, ulisimama juu ya swali moja: je, kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo kwenye kontena? Kampuni ilisema ndicho, kamati zikasema sicho. Sikio la Mswahili husikia makini na makinika ndani ya neno hilo, na kwa kweli watu wa huku tulimakinika. Tangu hapo hatuisomi lebo yoyote kwa moyo mweupe, iwe ya mbolea, ya mafuta ya kula au ya riwaya.

Wako wanaosema kwamba kumwonya msomaji kabla ya hadithi ni jambo la kuja, limeletwa na simu. Sikubaliani nao. Paukwa ni lebo. Msimulizi anapoita paukwa na hadhira ikaitikia pakawa, mkataba umefungwa: kuanzia hapo sungura atasema, zimwi litameza kijiji kizima, na hakuna atakayemshtaki msimulizi kwa uzushi. Na ule mwito mwingine wa hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, ni wazi kuliko maonyo yote ya leo. Mtambaji anatangaza kwa kinywa chake kwamba anacholeta ni uongo, tena anauomba uje. Zaidi ya hapo, hadhira haiambiwi tu, bali hujibu, na asiyejibu hajaingia. Nitalirudia hili la kujibu, maana ndilo tuliloliacha nyuma tulipohamia kwenye karatasi.

Saa nayo ilikuwa lebo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki ilikuwa mwiko kutamba hadithi mchana. Mtoto aliambiwa ataota pembe, au mamaye atafikwa na baya. Wengi hulieleza katazo hilo kuwa hila ya kulinda kazi za shamba, na huenda ni kweli. Lakini tazama limefanya nini jingine: limeihifadhi hadithi kwenye saa ambayo bibi yupo, moto unawaka, na mtoto anayeogopa ana paja la kuegemea. Zimwi lilipommeza msichana, palikuwa na mtu mzima wa kuuona uso wa msikilizaji na kuamua kama alirefushe tumbo la zimwi au alipasue mapema.

Mahali palikuwa lebo vilevile. Nyimbo za unyago wa pwani zilitaja mwili kwa namna ambayo hakuna chombezo la leo linaloifikia kwa ufundi, lakini zilikaa ndani, kati ya kungwi, somo na wari. Aliyeingia alikuwa amekwisha kupita mlangoni, na mlango ndio uliomwambia atakachokisikia. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alipozipeleka ngoma hizo jukwaani mbele ya wageni na wenyeji, wanaume na wanawake, alizitoa nje ya mlango wake. Wapo waliomshangilia na wapo waliomlaumu, na nadhani wote walikuwa wanazungumzia mlango zaidi ya nyimbo.

Huku kwetu Usukumani tunao uwanja. Vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana kwa vizazi, hasa baada ya mavuno, na sehemu ya ushindani ni kumsuta mpinzani kwa nyimbo mbele ya umati. Yanayoimbwa pale yakisemwa dukani siku ya kawaida yataleta ugomvi wa kweli. Ndani ya uwanja, ngoma ikilia, kila mtu anajua amekuja kusikia nini. Sijaona mtu aliyesimama kabla ya ngoma kusoma orodha ya matusi yatakayofuata, kwa sababu vumbi na umati vimekwisha kuisoma.

Ushairi ulioandikwa nao ulikuwa na njia yake, nayo ni kumtaja msomaji. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake unaokadiriwa kuwa wa mwaka 1858, alimwelekezea binti yake. Kumtaja mtoto pale mwanzoni ni adabu ya utenzi, lakini ni angalizo pia: haya ni maneno ya mama mgonjwa kwa binti, asiyekuwa binti asome akijua anachungulia. Utendi ukatoka chumbani, ukanakiliwa, ukasomeshwa, ukafasiriwa na wageni, na leo mabishano makali juu ya mafunzo yake kwa mke yanatokana kwa sehemu na kusahau kwamba ulikuwa na anwani. Mimi si mtetezi wa kila ushauri uliomo humo. Nasema tu kwamba barua iliyofunguliwa na asiyeandikiwa haiwezi kuhukumiwa kama tangazo la ukutani.

Nafika sasa kwa watu ambao wamelifikiria jambo hili kuliko sisi, nao ni mashabiki wanaotunga hadithi juu ya hadithi za wengine. Anayependa filamu au riwaya huwachukua wahusika wake akawapa maisha mapya: waliokufa wanafufuka, mahasimu wanaoana, mhusika mdogo aliyepita mlangoni mara moja anapewa sura arobaini. Kwa washairi wa Kiswahili hili si geni. Takhmisi ni nini kama si hilo? Mshairi anachukua beti za mwenzake aliyemtangulia, pengine kwa mamia ya miaka, anaongeza mistari mitatu ya kwake kabla ya ile ya asili, na ubeti unakuwa wa watano. Takhmisi ya Liyongo imejengwa hivyo juu ya mistari inayonasibishwa na Fumo Liyongo mwenyewe. Na jina takhmisi, likikaa juu ya utungo, linamwambia msomaji jambo la haki: humu kuna mikono miwili, usiwachanganye wenyewe.

Mashabiki wa Marekani walianza kwenye majarida ya kurudufu. Jarida la kwanza la mashabiki wa Star Trek, Spockanalia, lilitoka mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 baadhi yao, wengi wakiwa wanawake, walianza kutunga hadithi za mapenzi kati ya nahodha Kirk na Spock, na lebo yao ikawa alama ya uandishi: mkwaju kati ya majina mawili. Aliyeuona mkwaju alijua hadithi inaelekea wapi, asiyeutaka akapita. Majarida ya namna hiyo mara nyingi hayakuuzwa mpaka mnunuzi athibitishe kwa maandishi kwamba ni mtu mzima. Nawaomba wapenda lugha walitazame hili kwa makini: alama ya uakifishi, ambayo sisi tunaitumia kumaanisha au, imegeuka kuwa jina la tanzu nzima ya fasihi.

Wapenzi wa katuni za Kijapani nao wakapata tunda. Mfululizo uitwao Cream Lemon ulianza kutolewa mwaka 1984, na kutokana nao neno limau likawa lakabu ya hadithi yenye ngono waziwazi. Mtu aliandika tu kwamba humu mna limau. Wao limau, sisi chombezo! Jamii mbili zisizojuana zimefikia hila ileile: kuchukua neno lisilo na hatia, la kinywani au la kitandani kwa mtoto, na kulipa kazi ya bawabu.

Kisha wenye mitambo wakaingilia. FanFiction.Net, iliyoanzishwa mwaka 1998, iliziondoa hadithi za kiwango cha juu cha utu uzima mwaka 2002. Mwaka 2007 kampuni ya LiveJournal ilifunga kurasa nyingi kwa mkupuo mmoja kwa kuangalia maneno yaliyoorodheshwa kwenye utambulisho wake, na katika fagio hilo zikasombwa hata kurasa za walionusurika ubakaji na za wanaojadili riwaya. Walioandika neno ubakaji ili kusaidiana walihesabiwa pamoja na waliolitamani. Hili ni funzo la lebo ikisomwa na asiyesoma kilichomo. Mwaka huohuo mashabiki walianzisha shirika lao, na mwaka 2009 wakafungua hifadhi yao, Archive of Our Own, ambayo ilipata tuzo ya Hugo mwaka 2019.

Utaratibu wa hifadhi hiyo una jambo moja ambalo ningependa lichunguzwe na kila mhariri wa Kiswahili. Mtunzi anatakiwa ataje mambo manne tu kama yamo: ukatili ulioelezwa kwa kina, kifo cha mhusika mkuu, ubakaji, na ngono inayohusisha watoto. Mengine yote, kuanzia huzuni hadi harusi, anayaandika akitaka, kwa maneno yake, na wako watu wa kujitolea wanaozipanga lebo hizo ili visawe viungane. Lakini iko nafasi ya tano: mtunzi anaweza kutangaza kwamba ameamua kutoonya. Hasemi hamna kitu. Anasema, sisemi. Msomaji anayeingia baada ya kulisoma hilo ameingia kwa ridhaa yake, na mtunzi amebaki na siri ya hadithi yake. Kwangu mimi hapo ndipo paukwa imerudi. Mtu ameulizwa, na kwa kuendelea kusoma ameitika pakawa.

Karatasi yetu ilikuwa bubu kwa muda mrefu. Riwaya ya Kiswahili iliyochapwa ilikuja na jalada, jina, na pengine ile sentensi ya kwamba hadithi ni ya kubuni na wahusika hawahusiani na mtu yeyote aliye hai au aliyekufa. Sentensi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya msomaji. Imeandikwa kwa ajili ya hakimu. Inamlinda mtunzi na mchapishaji dhidi ya jirani anayejiona ndani ya kitabu, na haimwambii kitu binti wa kidato cha pili atakachokutana nacho ukurasa wa mia.

Ndipo likaja jambo la Rosa Mistika. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, ng'ambo ya maji kutoka Geita, na riwaya hiyo ilipotoka mwaka 1971 alikuwa na umri wa miaka 27. Inasimulia msichana aliyelelewa na baba mlevi na mkali, Zakaria, aliyemtenga na wavulana kwa kipigo bila kumweleza neno, na alipotoka nje ya mkono wa baba hakuwa na kinga yoyote. Mwisho wake ni kujiua. Kwa kuwa mambo ya mwili yalitajwa bila kufunikwa, kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda. Baadaye kikarudi, kikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomwa na kutahiniwa.

Nimekisoma kitabu hicho mara kadhaa na kila mara nastaajabia kejeli hii: waliokizuia walifanya kile alichofanya Zakaria. Kitabu kinachosema kwamba katazo lisilo na maelezo humwangamiza mtoto kilijibiwa kwa katazo lisilo na maelezo. Na kilipofunguliwa, kilifunguliwa bila maelezo vilevile. Hakuna aliyewaambia walimu kwamba humo mna kujiua, na kwamba darasani anaweza kuwamo mwanafunzi ambaye dada yake alikwenda hivyo. Kati ya kufunga mlango na kuuacha wazi, hakuna aliyefikiria kuweka kibao juu ya mlango. Hali haijabadilika sana. Februari 2023 wizara ya elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, na gumzo likawa ni kizuiwe au kisizuiwe, kana kwamba hakuna njia ya tatu.

Hadithi za magazeti nitazipita haraka, ingawa zimewalea wasomaji wengi wa rika langu. Eric Shigongo na wenzake walitufundisha kungoja toleo lijalo, na lebo kuu ya zama zile ilikuwa itaendelea. Haikuonya juu ya kilichokwisha kusomwa. Iliuza ambacho hakijasomwa. Tabia hiyo ya kuuza ndiyo iliyohamia kwenye simu. Mtunzi wa leo anakata sehemu ya saba pale mkono unapogusa kitasa, na anayeitaka sehemu ya nane atume pesa. Katika soko hilo, 18 na alama ya kujumlisha haikai pale kama kizuizi. Ni kengele ya muuza aiskrimu. Watoto ndio wa kwanza kuisikia.

Dola nayo ilikuja na kibao chake. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kuchapisha mtandaoni awe na leseni, kwa ada ya shilingi milioni 1 juu ya shilingi 100,000 za maombi, na Juni mwaka huo JamiiForums ilisimamisha huduma zake kwa muda. Kanuni mpya zilifuata mwaka 2020. Sitazieleza zote. Nataka tu ionekane kwamba mtunzi mdogo wa wilayani, asiye na milioni, alihamia pale ambapo hakuna leseni wala mhariri: kwenye makundi ya simu. Huko ndiko hadithi za Kiswahili zinakosomwa sasa kwa wingi, na huko lebo hazina mwenyewe.

Nimo katika kundi mojawapo, la wasomaji na watunzi wa Kahama, Geita na Shinyanga mjini. Yupo fundi wa mitambo aliyewahi kufanya kazi mgodini, wapo walimu, wachimbaji wadogo wanaosoma wakiwa juu ya duara wakisubiri zamu, mama lishe, na malenga wawili wa mashairi ya arudhi ambao hawakosi kosa la vina. Miaka michache iliyopita mtunzi mmoja kijana alianza kuleta riwaya sehemu kwa sehemu. Juu yake aliandika: simulizi ya kusisimua. Hapakuwa na neno chafu hata moja. Katika sehemu ya tano watu waliingia usiku ndani ya nyumba na kumkata kiungo mtoto mwenye ualbino, na tukio lile lilielezwa taratibu, kwa Kiswahili kizuri, kwa aya sita.

Asubuhi yake mama mmoja alitoka kundini bila kuaga. Walio karibu naye walijua sababu, kwa kuwa mwanawe ana ualbino.

Msomaji wa mbali anahitaji kukumbushwa ardhi tunayoikanyaga. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotikisa nchi kuanzia mwaka 2007 yaliitesa kanda hii kuliko nyingi nyingine. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiwa hapahapa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa Bukombe, wilaya iliyokuwa Shinyanga kabla ya mkoa wa Geita kuundwa mwaka 2012. Kituo cha Buhangija, Shinyanga, kilijaa watoto waliopelekwa huko wasalimike. Hata lugha ilibidi itubu: zeruzeru, neno ambalo wengi wetu tulikua nalo, limeachwa na waungwana, na tunasema mtu mwenye ualbino, ili utu utangulie hali. Kwa watu wa namna hiyo, aya sita za ustadi si msisimko.

Mjadala uliofuata ulikuwa mkali na, naweza kusema, wa thamani kuliko riwaya yenyewe. Mtunzi alijitetea kwamba ameandika ili kulaani. Alisema akionya mapema anaua utamu, kwa kuwa nguvu ya sehemu ya tano ni kutotarajiwa. Akaongeza hoja ambayo sikuweza kuitupa: kwamba wauaji wenyewe hawakupiga hodi. Mwalimu mmoja akamjibu kwamba ndiyo sababu hadithi haina budi kupiga. Malenga mkubwa kati ya wawili wetu, mzee anayeheshimika, alikuwa na pingamizi la aina nyingine. Alisema Kiswahili hakihitaji vibao kwa kuwa kina tafsida na mafumbo. Mwenye adabu ya lugha hamjeruhi msikilizaji, na lebo ni fimbo ya asiyejua kufumba.

Nimeifikiria kauli ya mzee kwa muda mrefu, kwa kuwa ina ukweli na inatoka kwa mtu ninayemsikiliza. Tafsida ni fahari yetu. Lakini tafsida humsitiri msemaji kwanza. Anayesema fulani amejifungua badala ya neno zito amejilinda yeye na heshima ya kikao. Haimpi msikilizaji nafasi ya kuamua kama abaki au aondoke. Tena tafsida yetu ilikomaa katika mambo ya mwili na ya choo. Katika mambo ya panga haikukomaa. Unaweza kusimulia mauaji tangu mwanzo hadi mwisho kwa maneno ambayo bibi yeyote angeyakubali mezani, na kijana yule alifanya hivyohivyo. Ndiyo maana nasema lebo ya 18 imetupotosha. Imetufundisha kwamba hatari katika hadithi ni uchi, na kwamba dawa yake ni umri. Yule mama amevuka 40.

Na liko dhara la upande wa pili, ambalo wanawake wa kundi ndio waliolitaja. Mmoja wao aliwahi kuandika kisa cha msichana wa kazi aliyebakwa na mwenye nyumba. Aliyekisambaza nje ya kundi alikipachika neno chombezo juu, kwa kuwa mna tendo. Kikasomwa na maelfu waliokuja kutafuta raha, na ujumbe aliopokea mwandishi kutoka kwa wageni siwezi kuunakili hapa. Kwa hiyo lebo ya uongo haimkosei msomaji peke yake. Inaugeuza utungo kuwa kitu kingine kabla haujasomwa. Kilio kimeandikiwa bembelezo. Tungekuwa na neno moja tu la kutofautisha ngono inayosimuliwa kwa kutamanisha na ngono inayosimuliwa kwa kushtaki, kisa kile kingefika kwa watu wengine.

Basi tukaanza kutafuta maneno, na kwa wasomaji wa ukurasa huu hapa ndipo penye nyama. Onyo lilikataliwa mapema. Linatoka kwenye onya, lina kidole kinachonyooshwa, na limezoeleka kwenye pakiti za sigara. Msomaji anajiona ametenda kosa. Tahadhari ina heshima ya Kiarabu na uzito wa mafuriko, nayo ilionekana kubwa mno kwa hadithi yenye msiba wa kawaida. Ilani ilipendekezwa na mwanakundi aliyesoma Nairobi, lakini kwa Watanzania ilani ni ya chama na uchaguzi. Likabaki angalizo, kutoka angalia. Neno hili halimkatazi mtu wala halimtishi. Linamwambia: tazama unapokanyaga. Mchimbaji mmoja alisema ndivyo wanavyoambizana kwenye duara mtu anaposhuka, nasi hatukuhitaji ushahidi zaidi.

Sasa utaratibu wetu uko hivi. Chini ya jina la hadithi kuna mstari mmoja unaoanza na angalizo, kisha nomino tupu: mauaji, ubakaji, kujiua, kifo cha mtoto, ukatili kwa wenye ualbino, ukatili kwa vikongwe. Hatutumii vivumishi, kwa sababu tuligundua kwamba kivumishi ndicho kinachogeuza angalizo kuwa tangazo la biashara. Mauaji ni taarifa. Mauaji ya kutisha ni mwito. Chombezo tumelibakiza kwa hadithi ya mapenzi yenye ridhaa pekee, na hapo angalau limekaribia tena maana yake ya zamani. Kijana mwenye riwaya aliendelea nayo hadi sehemu ya 31, akiwa na mstari wake juu, na hakupoteza wasomaji ninaowajua. Yule mama hajarudi kundini. Mwalimu humpelekea baadhi ya hadithi mwenyewe, moja moja, akiisha kuzisoma.

Kilichotushinda mpaka leo ni ile nafasi ya tano ya wale mashabiki, ya mtunzi anayeamua kutosema. Bila angalizo inaeleweka vibaya. Wengi huisoma kuwa hamna la kuangaliwa. Angalizo limefichwa ina harufu ya mchezo wa kuigiza. Mzee malenga, ambaye bado hapendi vibao lakini haachi kuhudhuria, alipendekeza iandikwe paukwa tu, peke yake, na asiyetaka kujibu apite. Ni zuri mno kiasi kwamba vijana wawili hawakulielewa, wakadhani ni hadithi ya watoto. Mwenye neno bora na alilete.